Kipande Nilichokata Chini ya Ukurasa

Juzi Zuhura, mjukuu wa dada yangu, alikuja hapa kwangu Ilala na kompyuta yake akanionyesha orodha ya marejeo ya utafiti wake. Alitaka nimtazamie kama mistari imekaa sawa, maana anajua bibi yake alipiga chapa tasnifu za watu kwa miaka mingi. Mistari ilikuwa imekaa sawa. Vilivyokosekana ni vingine vyote. Alikuwa amepanga anwani tupu za intaneti, moja chini ya nyingine, bila jina la mwandishi, bila kichwa cha habari, bila tarehe.

"Hizi ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Vyanzo, bibi. Mtu akitaka kuhakikisha anabofya tu, anaona."

"Na akibofya asione?"

"Ataona, bibi. Si iko mtandaoni?"

Nikamwambia abandike chai kwanza, halafu akae. Niliyomsimulia siku ile ndiyo ninayowaandikia na nyinyi wengine, mnaokaribia kukabidhi kazi zenu na mnaodhani kitu kikishaingia mtandaoni kimeingia milele. Mtanisamehe nikiruka huku na huku. Nimezoea kupiga chapa maneno ya watu wengine yaliyokwisha kupangwa, na haya ya kwangu hayajapangwa na mtu.

Kazi niliianza kwenye shirika moja la umma, nikiwa mpiga chapa. Upepo wa soko huria ulipovuma, shirika likauzwa na sisi tukapunguzwa. Neno lilikuwa hilo hilo, kupunguzwa, kama vile sisi ni chumvi kwenye mchuzi. Nilikaa nyumbani miezi kadhaa nikiwa na vidole vyepesi na mikono mitupu, mpaka nikapata kazi kwenye duka la steshenari pale Kariakoo, mtaa mmoja nyuma ya barabara ya Msimbazi. Nataka mkumbuke hilo la kupunguzwa, kwa sababu ndilo litakaloeleza ubaya nilioufanya baadaye.

Mwenye duka tulimwita Kanti bhai, yaani kaka Kanti. Alikuwa Mhindu aliyezaliwa hapa hapa Dar, baba yake akichapa lebo za chupa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kabisa. Mteja aliyekuja kumsemesha kwa Kiswahili cha kitoto, akidhani ndicho atakachoelewa, alijibiwa kwa namna iliyomfanya aombe radhi kabla hajataja shida yake. Miaka hiyo bidhaa zilikuwa zinaingia kila siku, na yeye hakutaka kuachwa nyuma. Alileta kompyuta, akaleta printa, akaweka mashine mbili ghorofani na kuziunganisha na intaneti kwa waya wa simu. Laini ilikuwa moja. Mkewe, aliyekaa ghorofa ya juu zaidi, akiinua simu kumpigia dada yake, intaneti ilikatika na wateja waliguna wote kwa pamoja.

Wanafunzi wa chuo walitujaa. Maktaba zao zilikuwa na vitabu vizuri, ila vya zamani, na wao walikuwa wanaandika juu ya mambo yanayotokea mlangoni: viwanda kufungwa, mitumba, maduka mapya. Walilipa kwa dakika, kwa hiyo hakuna aliyesoma pale. Walifungua ukurasa, wakauchapa haraka kwenye printa, wakaenda kuusoma kitandani. Halafu wakarudi kwangu chini nipige chapa tasnifu.

Ningewacheka nyinyi kwa anwani zenu tupu, lakini wenzenu wa enzi ile walikuwa na vituko zaidi. Nilipiga chapa marejeo ambayo mwandishi wake aliitwa Intaneti. Jina la ukoo Intaneti, la kwanza halikutajwa. Mwingine alihifadhi makala kwenye disketi, akaichapa kwa mjomba wake ofisini, na alipoandika chanzo akanakili kile kilichoonekana kwenye karatasi, yaani njia ya kuelekea kwenye disketi yake mwenyewe. Mtahini angetaka kuhakikisha ingebidi akampekue kijana mfuko wa shati. Msicheke sana, maana hata leo nawaona watu wanaandika jina la faili lililoko kwenye simu zao wakidhani ni chanzo.

Na kulikuwa na yule aliyefundishwa kwamba kila kitabu lazima kitajwe mji na mchapishaji. Makala yake aliipata kwetu ghorofani, kwetu ndiko ilikochapwa, basi akaandika mji Dar es Salaam, mchapishaji duka la Kanti bhai. Nikamwonyesha Kanti bhai kabla sijairekebisha. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia nisiirekebishe haraka, kwanza nimtolee kopi moja aiweke kabatini. Alikuwa na furaha siku nzima.

Sasa niwaeleze juu ya ukingo. Kanti bhai alirithi kwa baba yake ugonjwa wa usafi wa karatasi. Kazi ikitoka mikononi mwangu aliipangusa kwa kiganja, akaigonga mezani pande zote nne, na kama kuna ukurasa uliotokeza alisema jambo moja tu: "Ukingo, Mwajuma." Hakufoka. Lakini mimi niliyekwisha kupunguzwa mara moja nililisikia neno hilo kama barua ya kupunguzwa tena.

Kurasa za intaneti zilikuwa na kasoro moja machoni petu. Chini kabisa ya kila ukurasa printa ilichapa mstari wa herufi ndogo mno: kushoto anwani ya mahali ukurasa ulikotoka, kulia tarehe ya siku ile. Kanti bhai aliuona ni uchafu. Mimi nami niliuona ni uchafu, tena niliuchukia, maana mara nyingine ulikaa upande. Basi kazi ikishuka kutoka ghorofani niliipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi, nikavuta mkono wa kisu, na ukanda mwembamba ukaanguka. Mteja alipewa kurasa safi, kama za kitabu. Walitusifu kwa hilo. Walitoka mpaka ng'ambo ya Magogoni kuja kwetu, kwa sababu sisi tunatoa kazi safi.

Zile kanda hatukuzitupa. Dukani kwa Kanti bhai karatasi haikutupwa. Tuliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kazi ya mteja ikikamilika tuliizungushia ukanda mmoja kama mkanda wa kiunoni, tukaugundisha kwa gundi, na kwenye upande mweupe niliandika jina la mteja. Ulikuwa ndio mtindo wa duka letu. Hebu fikirini: anwani za vyanzo vya mwanafunzi huyu zilikuwa zinatembea mjini zikiwa zimefunga fomu za mtu mwingine, zimegeuzwa ndani, na hakuna aliyejua.

Hapo ndipo anapoingia Aikande.

Aikande alikuwa binti wa Kilimanjaro, akikaa kwa shangazi yake aliyeuza vitenge na khanga kwa jumla mitaa miwili kutoka kwetu. Mchana alikuwa dukani kwa shangazi, jioni anasoma shahada ya pili. Aliandika juu ya mitumba, jinsi ilivyovisukuma pembeni vitambaa vya viwanda vya hapa. Mimi ndiye niliyempigia chapa tangu ukurasa wa kwanza. Alikuwa mcheshi. Akiingia tu, "Shikamoo dada Mwaju, mkono wangu leo umeusoma?" maana mwandiko wake ulikuwa wa kuombewa dua. Kulikuwa na wengine walioniita "wewe mama wa mashine". Yeye aliniita dada, na nilimpenda kwa hilo.

Sura yake ya nne yote ilisimama juu ya makala moja fupi, ya ukurasa mmoja tu, aliyoipata kwetu ghorofani. Mtafiti mmoja wa nje alikuwa ameeleza jinsi marobota ya mitumba yanavyochambuliwa huko yanakotoka, yapi yanaletwa huku na yapi hayaletwi. Aikande aliilinganisha na marobota aliyoyaona Kariakoo yakifunguliwa, na hata mimi nisiyejua lolote niliona kwamba msichana huyu ameshika jambo.

Siku moja aliingia bila salamu. Msimamizi wake alikuwa amemuuliza ile makala imetoka wapi. Akaitoa mkobani, safi, ukingo wa chini umeinama kidogo. Msimamizi akaigeuza mbele na nyuma. Mwandishi hamjui. Jarida halitajwi. Tovuti haitajwi. Tarehe hakuna. Akamwambia karatasi kama hiyo hata yeye anaweza kwenda kupigiwa chapa Kariakoo kwa nusu saa. Alimpa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Asipoonyesha ilikotoka, angeandika kwa kamati kwamba mwanafunzi wake amebuni chanzo, na masomo yangeishia hapo.

"Nimepanda juu nimeitafuta, dada," aliniambia. "Nimeandika jina la yule mtafiti, nimeandika kichwa, haiji. Shangazi nimwambie nini? Kila jioni anabaki dukani peke yake ili mimi nisome."

Niliijua ile karatasi. Nilijua kilichokuwa chini yake na nilijua nani alikikata. Na nilinyamaza. Nilimwambia pole, nikageukia mashine yangu nikaendelea kupiga chapa barua ya mtu. Nilijiambia pengine ataipata. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliwaza, nikisema, habari itafika kwa Kanti bhai, mteja analia kwa sababu ya kisu cha Mwajuma, na mimi nitarudi nyumbani na mikono mitupu tena. Siku mbili nilikaa na jambo hilo. Wali ulinishinda. Niliona haya hata kumtazama mwanangu akifanya kazi zake za shule.

Siku ya tatu nikamfuata dukani kwa shangazi yake, nikamkuta peke yake anakunja vitenge.

"Anwani ilikuwepo," nikamwambia. "Chini ya ukurasa, na tarehe pia. Mimi ndiye niliyeikata."

"Uliikata kwa nini?"

"Ili ipendeze."

Akaendelea kukunja. Alikunja vitatu, vinne. Kisha akasema, "Na juzi nilipokuja ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sawa. Umenisaidia kujua. Sasa nipishe, nina kazi."

Hakuniita dada. Nilitembea kurudi kazini katikati ya watu na mikokoteni na sikumbuki nilivukaje barabara.

Nilipofika nikamweleza Kanti bhai yote, nimesimama, bila kuketi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akalichukua kopo la maziwa akalimwaga lote juu ya meza ya mbele, mbele ya wateja.

"Kukata nilikufundisha mimi," alisema. "Kaa hapo. Tusome."

Tulisoma kanda hizo moja moja. Anwani za mpira, za dawa, za vyuo vya nje. Aikande naye alikuja, sijui nani alimwita, akakaa upande wa pili wa meza akisoma bila kuzungumza nami. Tukapata kanda za kazi zake nyingine. Ile ya mitumba haikuwemo.

Kanti bhai ndiye aliyekumbuka. Siku ile makala ilipochapwa, ndiyo siku nilipokata upande, skrubu ya kisu ilikuwa imelegea, na akanisema mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri. Mteja huyo alikuwa mwalimu wa tuisheni wa Ilala, aliyekuja kuchukua kopi za mazoezi. "Kazi yake tuliifunga hapo hapo," akasema Kanti bhai. "Ukanda ulitoka mezani, haukufika kwenye kopo. Nendeni."

Tulikwenda kwa miguu, mimi mbele, Aikande nyuma yangu hatua kumi. Mwalimu tulimkuta anafuta ubao. Nilipomweleza tunachotafuta alitutazama kama watu waliopoteza ufunguo wa nyumba ya jirani.

"Mmetoka Kariakoo kufuata karatasi ya kufungia?" akauliza. "Basi na gundi yake mngeifuata pia."

Lakini akafungua daftari lake la mahudhurio. Ukanda ulikuwa humo, ameufanya alama ya ukurasa. Upande mmoja ulikuwa na mwandiko wangu, Mwalimu wa tuisheni, Kidato cha Pili. Upande wa pili ulikuwa na anwani yote, na kulia kabisa, tarehe. Aikande aliukamata kwa mikono miwili.

Tukarudi mbio, tukapanda ghorofani. Mke wa Kanti bhai akaombwa asiguse simu. Nilipiga ile anwani herufi kwa herufi, na hakuna aliyewahi kunikuta na kosa la chapa katika anwani. Tukasubiri. Mashine ikafikiri. Kisha likaja tangazo kwamba ukurasa huo haupo. Nikapiga tena. Haupo. Walikuwa wameuondoa, au wameuhamisha, Mungu anajua.

Aikande aliweka kichwa juu ya meza. Mimi nikauchukua ukanda na ule ukurasa wake, nikavishika kila kimoja mkono wake, kwa sababu sikujua nishike nini kingine. Ndipo nikaona. Kwa kuwa siku ile nilikata upande, kisu kilikuwa kimepita juu ya mstari wa mwisho wa maandishi. Vichwa vya herufi vilibaki kwenye ukurasa, miguu yake ilikuwa kwenye ukanda. Nikaviweka pamoja juu ya meza. Vikaingiliana, herufi kwa herufi, kuanzia kushoto mpaka kulia, na mteremko ule ule ambao Kanti bhai alinisema kwa ajili yake.

Ijumaa nilivaa gauni langu la Idi nikamsindikiza chuoni. Hakunikataza wala hakunikaribisha. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mkavu wa maneno. Aliweka ukanda chini ya ukurasa, akausogeza kidogo, ukakaa.

"Nani alikata?"

"Mimi, mama."

Nikamweleza kazi yetu, usafi wetu, kopo letu la maziwa. Hakutabasamu. Nilipomaliza alimgeukia Aikande. "Huyu amekata karatasi. Na wewe? Ulikaa mbele ya kioo cha kompyuta ukasoma kitu cha kubeba sura nzima, ukaondoka bila kuandika umekisomea wapi na lini. Ungekuwa umeandika kwenye daftari lako, kisu cha huyu dada kisingekudhuru."

Aikande akasema, "Ni kweli, mama."

Sura ya nne ikabaki. Msimamizi alitufundisha pale pale namna ya kuiandika, na mimi nilinakili nyuma ya bahasha: jina la mwandishi, mwaka alioandika kama unajulikana, kichwa cha makala, tovuti ni ya nani, anwani yake kamili, na siku uliyosoma. Kama mwandishi hatajwi, andika chombo kilichoiweka. Kama tarehe haipo, sema haipo, usiibuni. Siku uliyosoma ndiyo aliyoikazia. Kitabu ukikifunga leo, kesho maneno yake yatakuwa yale yale. Ukurasa wa intaneti, mwenye tovuti anaweza kuubadilisha wewe ukiwa umelala, kwa hiyo unachoweza kukitolea ushahidi ni kile tu ulichokiona siku ile. Na weka nakala yako. Siku hizi mna njia nyingi za kuhifadhi ukurasa, na makala nyingi zina namba zake za kudumu, kwa hiyo hamna hata udhuru tuliokuwa nao sisi.

Ukurasa ule ulibandikwa na ukanda wake kwenye kiambatisho, umeungwa kwa gundi ya dukani kwetu.

Kanti bhai naye alibadilika kwa namna yake. Aliweka daftari kando ya kila kompyuta, kalamu imefungwa kwa uzi, na mteja hakuruhusiwa kushuka na karatasi kabla hajaandika ametoa wapi na siku gani. Wengi walinung'unika. Mmoja aliuliza kama amefika polisi. Na mstari wa chini hatukuukata tena, ingawa kila mara kazi ikishuka nilimwona Kanti bhai akiutazama, akijizuia.

Aikande alirudi baada ya miezi, tasnifu imepita, anataka ibaindiwe, itiwe jalada. Alikuwa ameacha kuja kwangu muda wote ule, kazi zake zilizobaki alizipeleka kwa mpiga chapa mwingine, na sikumlaumu. Nilizipokea kurasa, nikazigonga mezani pande zote nne. Ili jalada likae vizuri, kingo zilihitaji kukatwa. Nikaziweka chini ya kisu, nikakaza skrubu, kisha nikaondoa mkono wangu kwenye mpini. Nikamwambia nitamwita Kanti bhai aje akate yeye.

Aikande akaja upande wangu wa meza. Akashusha kichwa kuuangalia mstari wa chini, akahakikisha hakuna neno litakalopotea. Kisha akaushika mkono wangu akaurudisha kwenye mpini.

"Dada Mwaju," akasema, "kata wewe."